Mwaka Nilioijaribu Gemu ya Baba Zahra

Msibani kwa Baba Zahra, mwezi uliopita, wanawake tuliwekwa chumba cha nyuma ya duka, kile kile cha zamani, ila siku hizi kina vigae chini na feni juu. Mama Zahra miguu imemvimba lakini sauti ni ile ile. Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza, pilau inachemka uani, nasi tumekaa kwenye mikeka tunangoja, maana msiba kwa mwanamke ni kungoja. Mkwe wao mmoja, binti wa Dar es Salaam, akaniuliza kwa adabu mimi ni nani katika nyumba hii. Mama Zahra akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu ni Minza. Mwaka wa mvua za Elinino alicheza gemu ya mume wangu mpaka mwisho, wakati watoto wangu mwenyewe hawajaigusa." Wakacheka, maana hata wafiwa hucheka. Mimi nikasema nakwenda kuangalia wali. Nikasimama uani nikitazama moshi, mpwa wa marehemu akanikuta pale, akadhani namlilia mjomba wake. Nilikuwa namlilia, ndiyo, alikuwa mtu mwema kwangu. Lakini nilikuwa pia nimemkumbuka Bibi Ngolo, na ule mwaka ambao kila mtu katika nyumba hii anausimulia kama kichekesho.

Habari za kwetu Didia sitaziandika, hazipishani na za watu wengine. Niliacha shule darasa la nne, na nilipokuwa msichana mkubwa nikawa mpishi kwa Baba Zahra, Shinyanga mjini. Duka lao lilikuwa la vyuma: misumari, mabati, sululu, kamba. Watoto wake walisoma nje ya nchi. Kule Segese, karibu na machimbo ya dhahabu, alikuwa na banda la video, wachimbaji wakitazama filamu za Kihindi na za karate. Ndugu yake wa Dubai akamletea mashine ya gemu, mpya, ya aina ambayo hata Mwanza walikuwa hawajaiona, pamoja na sidii moja. Baba Zahra akaiweka juu ya kasha mle chumbani nyuma ya duka, akaizunguka kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa kigeni. Alichotaka kujua ni kimoja: wachimbaji wasiojua Kiingereza wataielewa, au watanyanyuka waondoke? Akaniita kutoka jikoni, mikono bado ina unga. "Wanangu wakicheza wataniambia inaeleweka," alisema, "kwa sababu wanasoma maneno. Mimi nataka mtu ambaye maneno hayamsaidii. Wewe, Minza, utaicheza yote, halafu utaniambia."

Basi ikawa kazi yangu. Akitoka kuswali adhuhuri, mimi nimeshaosha vyombo, nakaa juu ya gunia la misumari lililokunjiwa blanketi, pedi ya kuchezea mkononi, naye anavuta kiti mlangoni na tasbihi yake. Chumba kilinuka saruji na samli. Mama Zahra alileta chai ya tangawizi na chapati, akapita kwenda kwenye cherehani yake. Gemu yenyewe ilikuwa ya nchi isiyokuwepo, yenye ukungu, na kijana mwenye upanga. Kila jioni, ile sidii ikishazimwa, Baba Zahra aliniuliza maswali yale yale.

"Leo umeelewa nini?"

"Nchi yao haina jua. Huyu kijana ametumwa kulirudisha."

"Nani amekwambia?"

"Kuku wao wamelala mchana."

Akacheka mpaka tasbihi ikamdondoka. "Na hayo mawe anayookota?"

"Dhahabu. Akiokota, upanga unang'aa."

"Ubaya wake?"

"Anaruka kama mbuzi aliyefungwa miguu. Na shimo la pili ni giza mno, unaanguka bila kujua umeangukia nini. Watakuvunjia pedi."

"Hilo siwezi kulirekebisha. Watakaa, au wataondoka?"

"Watakaa," nikasema, na nilikuwa nasema kweli. Hata mimi nilikuwa nakaa. Nilikuwa naota lile jua.

Dhahabu ya nchi ile ilikuwa chini, kwenye mashimo marefu ya kushuka, na mimi nikiyaona nilisema maduara, kama wachimbaji wetu wanavyoyaita mashimo yao. Chini kabisa ya karibu kila duara alikaa kikongwe mmoja, kanga kichwani, ama kitu kama kanga, macho mekundu kama makaa. Amekalia dhahabu. Ukimpiga upanga vya kutosha anaanguka, macho yanazimika, mlango unafunguka, dhahabu inatoka. Mara ya kwanza nilipomkuta niliishusha pedi. Mama Zahra alikuwa anapita na sinia, akatupia jicho. "Muue basi, chai inapoa," akasema. Nikamuua. Jioni ile nikamwambia Baba Zahra kwamba huyu bibi simpendi. Akasema ni jini tu, kila gemu ina jini wake. Nikamwambia, "Kwenu ni jini. Kwetu kikongwe mwenye macho mekundu ana jina lingine." Alizaliwa Shinyanga, alijua. Wakati ule upande wetu mama mzee aliweza kukatwa panga na watu asiowajua, waliotumwa na watu anaowajua, kwa sababu ng'ombe wamekufa au mtoto ameugua, na yeye ana macho mekundu, basi mchawi ni yeye. Siandiki kumtisha mtu. Anayetoka huku ameshasikia, na wengine wetu tumezika. Mwisho Baba Zahra akasema, "Twende tukaone. Wewe utapika pale bandani, utasikiliza wanasema nini. Nikija, uniambie. Ukisema mbaya, naitoa." Ahadi hiyo aliitimiza, na mpaka leo sijui kama ingekuwa heri asiitimize.

Segese ya mwaka ule ilikuwa matope. Mvua ilianza kabla ya wakati wake na haikujua kuacha. Nilipanga kwa Bibi Ngolo, mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili jirani na banda, mama mrefu, mkavu, mpenda ugoro, asiye na mtoto wa karibu. Miti yote ya karibu ilikuwa imekatwa ikawa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za maduara zisiporomoke, kwa hiyo wanawake tulipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, na kwa mvua ile hata hayo yalikuwa mabichi. Ukiingia jikoni mwake ulitoka unalia. Yeye alikaa mle tangu alfajiri akichemsha matobolwa, viazi vyetu vikavu, na uji, awauzie wachimbaji kabla hawajashuka. Macho yake yangekuwa meupe namna gani? Jioni tulikula ugali wa udaga, unga wa muhogo, na mlenda wa karanga, miguu tumeielekeza motoni. "Hiyo mashine yenu inakula nini?" aliniuliza siku ya kwanza. Nikamwambia inakula petroli ya jenereta. Akatikisa kichwa. "Inakula vizuri kuliko mimi."

Wateja wake walisimama upenuni na mabakuli. Wa kwanza kila siku alikuwa Shija, kijana wa Tinde, mpole, msimamizi wa duara lililokuwa nyuma ya banda, na nyuma yake mwenzake Masanja, mfupi, mdomo haulali. Bibi na wajukuu kwetu ni watani, kwa hiyo aliwaita wote wawili waume zake.

"Shikamoo, mke wangu," Shija alisema.

"Marahaba. Leo tena umekuja na tumbo bila posa?"

"Posa iko chini, tunaichimbua."

"Mtaichimbua mpaka nife, mnioe kaburini."

"Usijali," Masanja akadakia, "kaburi tutalichimba wenyewe, bure, sisi ni mafundi." Wote wakacheka, na Bibi akamwongezea karanga. Nayaandika maneno haya kama yalivyosemwa kwa sababu baadaye yalichukuliwa moja moja yakapewa maana nyingine. Utani una kifuniko, nacho ni kicheko. Watu wakiacha kucheka, yanabaki maneno matupu, na mtu anaweza kukamatwa nayo.

Gemu ikafunguliwa mchana. Banda lilikuwa la miti na mabati, mabenchi ya mbao mbichi, mimi nimekaa pembeni na sufuria la maharage na masikio wazi. Siku ya kwanza walikaa kimya kama kanisani. Siku zilizofuata nikaona jambo ambalo mle chumbani kwa Baba Zahra tusingeliwaza. Kwetu hapa, watu hawafungui duara bila kwenda kwa mfumu, mganga wetu, naye humpasua kuku na kusoma ndani yake kama dhahabu ipo na kama njia ni salama. Sasa nikaona kila kundi linamtuma mtu wake mmoja acheze kabla hawajashuka. Yule kijana wa upanga akitoka na jiwe, wanachukua sululu wanashuka. Akifa, wanakwenda kulala. Masanja alisema kwa sauti, anajisifu, "Mfumu anataka kuku mweupe. Hii inataka tiketi tu." Na Shija, ambaye si mtu wa mzaha, akamjibu, "Wala haikosei kuliko yeye."

Siku ile ile kundi lao lilifika chini kabisa kwa mara ya kwanza. Kikongwe akatokea. Jenereta linanguruma nyuma, mvua kwenye mabati. Kisha nyuma yangu sauti ya mtu mzima ikasema polepole, "Kumbe hata kwao wapo."

"Wazungu wanatudanganya tu kwamba hakuna," mwingine akasema. "Wanajua. Wametia mpaka kwenye mashine."

"Angalia. Kila duara lina wake."

"Na letu?"

Maji yalikuwa yameshaanza kujaa kwenye maduara wakati ule, dhahabu imekata, watu wanakula kwa mkopo, na swali hilo lilikaa pale juu ya mabenchi. Nadhani Masanja alitaka tu kuliondoa. "Wetu tunamjua," akasema, "kila asubuhi anatuuzia matobolwa." Wakacheka sana, walikuwa na hamu ya kucheka. Shija aliendelea kutazama televisheni.

Mimi sikumwambia Bibi, lakini Segese hakuna neno linalolala njiani. Asubuhi, mabakuli yamejipanga upenuni, akamkabili Masanja kiuno kimeshikwa. "Mume wangu, nasikia umeniona kwenye sinema."

"Nimekuona, mke wangu. Umekalia dhahabu yetu yote."

"Basi ukishuka nipitie hukohuko chini, nitakukaanga na karanga."

Walicheka mpaka uji ukamwagika. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho niliyosikia kicheko pale upenuni. Kabla wiki haijaisha ukuta wa duara lao, ulioloa mpaka ndani, uliachia, matimba yakavunjika kama mabua, Masanja akabaki chini. Walimtoa mchana, matope mdomoni. Bibi Ngolo alikwenda kumlilia kama mjukuu wake. Watu wakampisha, lakini walimpisha kwa mbali mno, akajikuta amesimama peke yake katikati.

Baada ya mazishi hakuna aliyenunua matobolwa. Yalipoa sufuriani, tukala sisi, kesho yake akachemsha tena. Nilimwambia apumzike, akasema akiacha kupika watasema anajificha. Kilichomuuma zaidi ni salamu. Kwetu mtoto hampiti mzee hivi hivi. Hata mwizi akimkuta bibi njiani atasema shikamoo ndipo aibe. Alirudi kutoka kisimani siku moja akatua ndoo, akakaa. "Leo nimewaamkia watu mimi," akasema. "Mwangaluka, mwangaluka, kama mtoto. Mkubwa kumwamkia mdogo, umeona wapi?" Nikamuuliza waliitikiaje. "Walitazama ndoo," akasema. Shija alikuwa anapita na gunia kichwani kujikinga mvua, na gunia lile alilivuta likafunika uso, hata siku isiyo na mvua. Bandani hawakuwa wanacheza tena kwa kupiga kelele. Walikuwa wanashuka moja kwa moja mpaka chini, wanampiga yule kikongwe, wanaanza upya, wanampiga tena. Mimi nimekaa na maharage yangu. Sauti yake ya kuanguka ilikuwa kama ya mtu anayekohoa, niliisikia hata nikiwa nachota maji.

Baba Zahra alipokuja na pikapu yake, matope mpaka kwenye vioo, sikumngoja aniulize. Nikamwambia gemu ni nzuri, watu hawaondoki, na ndio ubaya wake. Nikamweleza yote, Masanja, salamu, kila kitu. Alifuta miwani kwa muda mrefu.

"Minza, wewe umeicheza yote. Umeota mapembe?"

"Mimi sikuwa na duara lililojaa maji."

"Nikifunga banda kwa sababu ya picha, watu watanionaje?"

"Uliniambia nikisema mbaya unaitoa. Nasema mbaya."

Alikuwa mtu wa haki, lakini alitaka kwanza kujaribu njia yake. Akaingia bandani, akazima, akasimama mbele yao akawaambia kwa upole kwamba ile ni michezo, imechorwa na vijana wamekaa ofisini, kikongwe yule hayupo, hajawahi kuwapo, ni rangi tu. Walimsikiliza vizuri sana. Alipomaliza, Shija alisimama, akavua kofia. "Mzee, tumekuelewa," akasema. "Lakini hata kuku ni kuku tu." Akakaa. Baba Zahra akanitazama, na nikaona imemwingia. Akachomoa nyaya, akaifunga mashine kwenye shuka, akaondoka nayo.

Nilidhani tumemaliza. Kesho yake nilikuwa kisimani, wanawake wanaosha miguu, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake bila kupunguza sauti, "Yule bibi kafunga duara, sasa kafunga na mashine. Ile ilikuwa inamwonyesha." Ndivyo walivyoliona. Kuiondoa ile gemu kulikuwa ushahidi, tena mkubwa kuliko gemu yenyewe. Mimi ndiye niliyesema iondolewe, na leo hii ningesema vile vile, maana kuiacha ilikuwa kuwaacha wazoeze mikono. Lakini hapakuwa na neno jema. Mchana ule wakaja wanaume wawili ambao hakuna anayewajua, wakaomba maji. Bibi akawapa kwenye kata. Hawakuketi. Mmoja alikunywa, mwingine alitazama mlango, akalitikisa komeo kidogo kama fundi, akauliza, "Bibi unalala chumba hiki au kile?" Bibi akasema, "Nalala popote usingizi unaponikuta." Wakashukuru, wakaenda kuelekea kwenye kambi ya akina Shija. Nikavaa kanga nikakimbilia barabarani, nikamsimamisha dereva wa lori la pamba aliyekuwa anaelekea Shinyanga, nikampa ujumbe ampelekee Baba Zahra: arudi na pikapu, asilete kitu, gari lije tupu.

Usiku ule tulikesha jikoni, moto unawaka, hakuna aliyekuja. Alifika kesho yake kabla ya saa sita. Kazi ikawa Bibi mwenyewe. Alikaa juu ya kinu akasema haendi. "Nikikimbia nimekiri. Nimeolewa hapa, nimezika mume hapa. Nitoke kama kuku aliyeiba mtama?" Baba Zahra akamwambia maisha ni bora kuliko nyumba. Bibi akamtazama kama mtoto. Mimi nikaona tunampoteza, na nikaona pia kwamba ana haki: angetoka kwa kujificha nyuma chini ya turubai, wangemfuata, maana anayejificha ni mhalifu. Nikamwambia Baba Zahra amwombe aje kumfanyia kazi. Hakuelewa. Nikamwambia asimame barabarani pale, watu wakiwa wamejaa, mtu mwenye duka lake, amwombe huyu mama kwa heshima aje nyumbani kwake kupika, na amkalishe mbele. Mimi nitakaa nyuma. Akaelewa. Akaenda nje, akavua viatu vyake kwenye matope, sijui alipata wapi wazo hilo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye karasha, kule wanakosaga mawe, "Mama, mke wangu anaumwa miguu, nyumba haina mtu mzima. Nakuomba." Uongo mtupu, Mama Zahra siku hizo alikuwa anakimbia kama swala. Bibi Ngolo akangoja aombwe mara ya pili. Ndipo akaingia ndani, akatoka na ugoro wake na sufuria moja.

Pikapu ikatitia mbele ya banda, pale pale, magurudumu mpaka ekseli. Wachimbaji walikuwa wamesimama chini ya mabati, mvua inawachuruzikia, sululu mikononi kwa sababu walikuwa wanatoka kazini, na wale wageni wawili wako nyuma yao. Baba Zahra akabonyeza mafuta, matope yakaruka, gari likazama zaidi. Nikashuka. Nikasema, "Jamani, tusukumeni." Hakuna aliyejongea. Bibi Ngolo akateremsha kioo. Hakuwatazama wote, alimtazama mmoja.

"Shija."

Shija akatazama matope.

"Shija wa Tinde. Nimekulisha tangu uje hapa huna viatu. Hujaniamkia."

Mmoja wa wageni akasema kitu kwa sauti ya chini. Shija alikuwa na lile gunia kichwani. Sijui alikuwa anapigana na nini, labda na Masanja, labda na mama yake mwenyewe aliyemfundisha. Mwisho mkono wake ukaenda kwenye gunia ukalitoa, na akasema, akitazama chini, "Shikamoo."

"Marahaba," Bibi akasema. "Sukuma gari."

Wakasukuma. Shija na wenzake wanne, mabega kwenye bati, mimi katikati yao nikisikia wanavyohema. Hawakucheka alipoteleza mmoja. Gari lilipotoka nikarukia nyuma, na nilipotazama, walikuwa bado wamesimama kwenye zile alama za magurudumu, maji yakiingia ndani yake.

Bibi Ngolo alikaa mle chumbani nyuma ya duka, akalala kando ya mashine, maana Baba Zahra alikuwa hajapata mnunuzi. Siku moja akaomba aonyeshwe huyo mtu anayefananishwa naye. Baba Zahra hakutaka, mimi nikawasha. Nikashuka mpaka chini. Bibi akasogea karibu na kioo, akamkagua yule kikongwe kama mtu anayekagua mtungi sokoni. "Moshi wake uko wapi?" akauliza. Nikamwambia hana moshi. "Basi aliyemchora hajawahi kuona mwanamke anapika," akasema, akaniambia nizime. Tulikuwa tunakula vizuri siku zile, wali na samaki wa Mwanza, naye macho yakaanza kupungua wekundu. Mama Zahra akashona magauni mawili ya kumtosha. Ningeweza kuishia hapa, na watu wa nyumba hii ndipo wanapoishia wanaposimulia.

Mvua ilipokuwa inaelekea mwisho, Shija alikuja dukani kununua kamba. Mimi nilikuwa kaunta, Baba Zahra yuko msikitini. Amekonda, midomo imepasuka. Aliniamkia vizuri, tukaulizana habari za Segese. Duara lao bado lina maji. Wameita mfumu mwingine kutoka mbali, wameivunja nyumba ya Bibi na kuchimba chini ya mafiga yake, hawakupata kitu. Hayo aliyasema kama mtu anavyosema habari za kilimo. Nikampimia kamba, akawa anaizungusha kwenye kiwiko. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Wewe uliimaliza ile gemu. Sisi hatukufika duara la mwisho. Nani yuko kule chini?"

Nikamwambia ukweli. Nilidhani ukweli utamsaidia. "Hakuna mtu, Shija. La mwisho ni tupu. Yule kijana anafika, anatafuta, hakuna mtu."

Akasimamisha mkono. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya matimba. "Basi amehama," akasema. Na akatazama juu ya bega langu, kwenye pazia la mlango wa kwenda uani.

Akalipa, akasema asante dada, akaenda na kamba yake. Sikumngoja Baba Zahra atoke msikitini. Nilikwenda kumfuata mlangoni huko, nikasimama na wanawake wanaoomba sadaka, na jioni ile ile tukamhamisha Bibi Ngolo, safari hii nyuma, chini ya turubai, na hakubisha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kitandani, kwa uzee, mimi nimemshika mkono. Ni wapi, sitaandika. Binti yule wa Dar es Salaam aliniuliza pia tulimpeleka wapi, tulipokuwa tunaosha sahani za msiba, nikamwambia aniletee maji mengine ya moto.